Raha ya Kuwa Wachache

Ratiba ya ligi ikitoka, wenzangu wengi hukimbilia kutafuta tarehe ya kukutana na watani. Mimi hutafuta safari. Natazama kwanza mechi za ugenini, napigia mstari zile zinazoangukia siku ambazo naweza kuondoka alfajiri, na za nyumbani nazisoma baadaye, tena kwa haraka. Rafiki zangu hawanielewi. Kwenye uwanja wetu nina kiti nilichokizoea, nina majirani ninaowatambua kwa sauti bila hata kugeuka, na mechi ikiisha sichelewi kufika kitandani. Ugenini kuna kulala umekaa ndani ya basi, kupekuliwa mpaka mikunjo ya soksi, kona ya uwanja ambako goli la mbali huonekana kwa kubahatisha, na juu ya yote hayo uwezekano mkubwa wa kufungwa.

Uwezekano huo una hesabu zake. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilipofuta Juni 2021 kanuni ya bao la ugenini, ile iliyompitisha aliyefunga mengi zaidi ugenini pale jumla ya mechi mbili inapokuwa sare, ilieleza kwamba katikati ya miaka ya 1970 wenyeji walikuwa wakishinda asilimia 61 ya mechi, na wageni asilimia 19 tu. Kufikia wakati wa tamko hilo pengo lilikuwa limepungua mpaka 47 kwa 30. Safari zimekuwa nyepesi, nyasi zimekuwa bora, na waamuzi sasa wana video ya kuwasaidia. Lakini hata hiyo 30 maana yake ni mechi tatu katika kumi. Anayetaka kushangilia ushindi na abaki nyumbani, ndiko ushindi unakokaa.

Sisi tunafuata kitu kingine. Tunafuata uchache. Nyumbani wewe ni mmoja kati ya maelfu, na ukinyamaza dakika kumi hakuna atakayejua. Ugenini ukinyamaza, wa pembeni yako anageuka kukutazama.

Uchache huo huanzia kwenye basi, kabla injini haijawashwa. Mechi ya nyumbani humzoa kila mtu: aliyealikwa na shemeji yake, aliyepewa tiketi kazini, aliyekuja kupiga picha ya kuweka mtandaoni. Safari ya saa nyingi gizani huwachuja hao wote. Wanaobaki ni walewale. Kuna mzee tunayemwita Babu, anayekaa nyuma ya dereva na hachomoi vifaa vyake vya masikioni hata akiwa uwanjani, kwa sababu haamini macho yake mpaka mtangazaji wa redio aseme. Kuna mama tunayemwita Shangazi, mwenye orodha ya majina, mwenye bendera kubwa, na mwenye neno la mwisho. Basi haliondoki mpaka ahesabu vichwa, na akimaliza huhesabu tena. Kuna kijana wa ngoma, ambaye ngoma yake hupewa kiti cha dirishani na hakuna anayelalamika. Kuna ndugu wawili ambao kwa mambo ya urithi hawasalimiani, lakini kwenye safari za timu hukaa kiti kimoja, mmoja akilala kwenye bega la mwenzake. Sijawahi kuwauliza, na sidhani kama wao wenyewe wamewahi kulizungumza.

Mazungumzo ya asubuhi ni kupanga kikosi. Ndani ya basi kila mtu ni kocha. Wapo wanaotaka tupaki basi langoni, yaani wote turudi kulinda goli, tuondoke na pointi yetu, wapo wanaotaka tuwafuate wenyeji hukohuko kwao. Babu husikiliza wote wamalize, kisha hutoa hotuba yake ambayo tumeshaikariri.

"Ugenini usifungwe dakika ishirini za kwanza. Basi. Mengine yatajipanga."

Tunamcheka, lakini hoja yake ina mantiki. Wenyeji huingia wakisukumwa na jukwaa zima, wanabana juu, wanakimbilia kila mpira. Nguvu hiyo haidumu. Ukiwazuia mpaka wakachoka, lile jukwaa lililokuwa likiwasukuma linaanza kuwanung'unikia, pasi moja ikiharibika linaguna, kipa akichelewesha mpira linapiga miluzi. Timu ya nyumbani isipofunga mapema huanza kucheza na wapinzani wawili, na mmoja wao ni watu wake yenyewe. Sisi huipenda sana hiyo saa ya kuguna. Ndiyo saa tunayoisubiri.

Kuhusu umbali, ninapochoka najikumbusha kwamba tuna nafuu. Katika ligi ya Australia, Perth Glory wakienda kwa Wellington Phoenix wa New Zealand wanavuka bara lao lote, kisha bahari ya Tasman, zaidi ya kilomita 5,000 kwenda tu. Urusi nako Baltika ya Kaliningrad na Luch ya Vladivostok zimewahi kuwa daraja moja: zaidi ya kilomita 7,000 angani, na saa za miji hiyo miwili zinapishana kwa saa nane. Shabiki anayekwenda mechi ya namna hiyo anahitaji ruhusa ya kazini, ruhusa ya nyumbani, na labda maombi.

Kilomita za mwisho, skafu huingia ndani ya koti. Hakuna anayeamrisha, mikono inajua. Watu wanaacha kuimba, wanaanza kuchungulia dirishani: mabango ya timu nyingine, watoto wenye jezi za rangi nyingine wakitunyooshea vidole na kucheka. Hapo ndipo mtu unakumbuka kwamba rangi unayoiona kila siku kama rangi ya dunia nzima, kumbe mahali pengine ni rangi ya kuzomewa. Pikipiki ya polisi inatangulia, nyingine inafuata nyuma, na tunapelekwa kwa kuzungukia nyuma ya uwanja kwenye lango ambalo wenyeji wengi hawajui hata kama lipo.

Lango la wageni lina tabia yake. Ni jembamba, liko mbali na kila kitu, na upekuzi wake ni wa mtu anayesafiri na siri za serikali. Nguzo za bendera hupimwa. Chupa huachwa. Safari ninayoisimulia hapa, mabishano yalikuwa juu ya ngoma.

"Mama, ngoma hairuhusiwi."

"Barua hii hapa, mwanangu. Ina muhuri wa klabu yenu."

Yule kijana wa ulinzi aliisoma mara mbili, akaenda kumwonyesha mkubwa wake, akarudi. Akaipiga ngoma kidogo kwa kidole, nadhani kuhakikisha kwamba ni ngoma kweli, akatupisha. Shangazi akamshukuru kwa adabu zote, na tulipopita akasema kwa sauti ya chini kwamba ana nakala nyingine tatu za barua ileile.

Idadi yetu kule ndani haiji kwa bahati. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, timu mgeni ina haki ya tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja pale uwanja unapokuwa mdogo. Kwenye mashindano ya UEFA, kanuni inawatengea wageni angalau asilimia 5 ya nafasi, katika sehemu iliyotenganishwa na ya wenyeji. Yaani kwenye uwanja wa watu 40,000, wageni 2,000. Anayeketi pale anaelewa kabisa kwamba ameruhusiwa kidogo tu. Hata hivyo wenye biashara ya mpira wanajua thamani ya hao kidogo. Vilabu vya Ligi Kuu ya Uingereza vilikubaliana kwamba kuanzia msimu wa 2016/17 tiketi ya mgeni isizidi pauni 30, baada ya mashabiki kupiga kelele kwa miaka. Huruma ilikuwepo, nakubali. Lakini runinga nayo inataka uwanja wenye pande mbili, na kona ya wageni ikiwa tupu, matangazo yanapwaya.

Sasa tukae. Au tusimame, kwa kuwa hakuna anayekaa. Kona ya wageni kwa kawaida huwa nyuma ya kibendera cha kona, mara nyingi juu kabisa, na kutoka hapo uwanja hauonekani kama kwenye runinga. Goli la karibu unaliona mpaka nyuzi za nyavu. La mbali linakuwa mkusanyiko wa miguu. Kuotea huwezi kukuamua hata kidogo, ingawa sote tunakuamua kwa kujiamini sana. Unachokiona vizuri kuliko mtu yeyote ni umbo la timu: jinsi mabeki wanavyopanda kwa pamoja, jinsi kiungo mmoja anavyotazama nyuma kabla ya kupokea mpira, jinsi winga anavyoacha kurudi kukaba baada ya dakika ya 60. Mtu aliyeiona timu yake kwenye runinga tu hajui kwamba kipa wake huongea muda wote.

Na sauti. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Uwanja wa mechi za kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105; ongeza majukwaa ya nyuma ya magoli, unapata mita 150 au zaidi kati yetu na wale wenyeji wanaosimama upande wa pili. Karibu nusu sekunde. Wimbo wao hutufikia umeshachelewa, na upande mwingine wa jukwaa lao unaofuata kile unachokisikia nao unachelewa zaidi, mpaka watu 30,000 wanaoimba wimbo mmoja wanakuwa wanaimba nyimbo tatu zinazofukuzana. Sisi tumebanwa kwenye kipande cha mita 20. Anayeanzisha akifungua mdomo, wa mwisho anamsikia kabla hata hajamaliza silabi. Kwa hiyo wachache huimba kwa pamoja kuliko wengi. Haihitaji mapenzi makubwa kuliko ya wenzetu, inahitaji tu kubanwa.

Kwa nguvu hatuwezi kushindana nao, ni kuharibu koo bure. Shangazi ana utaratibu wake na ameusimamia tangu kabla sijaanza kusafiri nao: tunaimba kwenye mapengo. Uwanja wowote uliojaa una mapengo. Mpira wao ukitoka nje ya goli, kuna sekunde moja ya watu wote kushusha pumzi, na hapo ngoma inalia. Mchezaji akilala chini akitibiwa, uwanja unageuka kuwa soko la mazungumzo, na hapo tunaanza wimbo mrefu. Kipa wao akiweka mpira chini kupiga, tunaanza ule mfupi wa kupandisha sauti. Na pengo kubwa kuliko yote ni baada ya kufungwa. Wenyeji hushangilia, wanaruka, wanakumbatiana, kisha inafika mahali pumzi zinawaishia wote kwa wakati mmoja. Ukiingia hapo na wimbo wako, umefungwa bao na bado unaimba, uwanja mzima unageuza shingo. Wengine hutukana. Wengine, nimewaona kwa macho yangu, hupiga makofi.

Kuna kisa cha Italia ninachokipenda kuliko vyote vya namna hii. Desemba 2012, Jumatatu usiku, Sampdoria ya Genova iliikaribisha Udinese. Kwenye sehemu ya wageni alifika shabiki mmoja. Mmoja kweli, na skafu yake, peke yake kwenye jukwaa zima lililotengwa kwa ajili yake. Wenyeji walianza kwa kumzomea. Yeye akaisalimu timu yake kana kwamba amekuja na kijiji kizima. Udinese wakashinda 2-0. Kabla usiku haujaisha wale waliomzomea walikuwa wakimpigia makofi, na akatoka na jezi ya zawadi. Mimi humfikiria yule bwana kila ninaposikia mtu akisema safari fulani imevunjika kwa sababu watu hawakutimia.

Je, kelele za watu wachache zinafanya kazi yoyote? Swali hilo huulizwa kwenye basi kila mara, hasa tunaporudi tumefungwa. Kelele za wengi zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Watafiti waliochambua ligi ya Hispania walikuta waamuzi wakiongeza dakika nyingi zaidi pale wenyeji wanapokuwa nyuma kwa bao moja kuliko pale wanapoongoza kwa bao moja. Halafu likaja janga la korona la 2020. Ligi ya Ujerumani iliporudi tarehe 16 Mei mwaka huo, viwanja vikiwa vitupu, wenyeji walipoteza sehemu ya faida yao, na hesabu za mechi za kipindi kile katika ligi mbalimbali zinaonyesha waamuzi waliwapunguzia wageni kadi za njano. Mwamuzi ni binadamu, ana masikio. Kwa hiyo ile sauti ndogo ya kona yetu, hata isipomfikia mwamuzi, angalau inamfikia beki wetu wa kulia ambaye dakika 45 anacheza mbele yetu. Nimeshuhudia akipokea mpira vibaya, akasikia jina lake, akanyoosha mgongo.

Mechi yenyewe ya safari ile haikuwa nzuri. Dakika ya 17 tukafungwa, na Babu akavua kofia akaivaa tena bila kusema neno, maana ile ishirini yake haikutimia. Bao lilikuwa la kijinga, mpira wa kurusha, mabeki wawili wakiachiana. Uwanja ulilipuka. Nilihisi jukwaa likitikisika chini ya miguu yangu kwa furaha isiyonihusu, na hilo ni jambo la ajabu kulihisi: furaha ya watu wengine kupanda kwenye magoti yako. Tukasubiri pumzi ziwaishie. Ngoma ikalia.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, na mashambulizi yetu yakawa yanaelekea upande wa mbali. Kwa hiyo kuanzia hapo tulikuwa tunaangalia mechi kwa nusu imani. Wenyeji walirudi nyuma kulinda bao lao, na kama dakika ya 65 ile saa ya kuguna ikafika. Pasi za pembeni zikazomewa. Shangazi akasema, "Haya sasa," na tukaanza kuimba bila kusubiri mapengo tena, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa pengo.

Dakika ya 81 tukapata kona, huko mbali. Niliona mpira ukipanda, nikaona miili ikirundikana, nikaona nyavu zikitikisika. Kwa muda fulani hakuna aliyeamini. Kisha winga wetu akachomoka kwenye ule mrundikano, mikono hewani, akakimbia urefu wote wa uwanja kuja kwetu, kupita benchi lao, kupita mshika kibendera, mpaka kwenye kile kibendera cha kona chini yetu, akigeuza mgongo kuonyesha namba yake. Sikumbuki nilimkumbatia nani. Nakumbuka wale ndugu wawili walikuwa chini sakafuni, mmoja juu ya mwingine, wakicheka. Babu alikuwa bado amekaza macho mbele, kwa sababu redio ya simu huchelewa, na sisi tulipokuwa tumeshaanza kutulia ndipo akaruka na kupiga ukelele wake wa "Goli!" peke yake. Tukamshangilia yeye sasa.

Bao la ugenini. Kwenye ligi ni bao kama bao jingine, lakini kwa miaka mingi kwenye mashindano ya mtoano lilikuwa na uzito wake. UEFA ilianza kulihesabu hivyo mwaka 1965, na Afrika bado lilikuwa linaua juzijuzi. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2023, USM Alger walishinda 2-1 Dar es Salaam, kisha Yanga wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, lakini mabao ya ugenini yalikuwa mawili kwa moja, kombe likabaki Algiers. Shabiki wa Yanga aliyekuwa kule usiku ule wa Juni aliona timu yake ikimfunga mwenyeji nyumbani kwake, mbele ya watu wake, na akarudi mikono mitupu. Nadhani hakuna maumivu ya ugenini yanayofanana na hayo, ya kushinda ukiwa mgeni na bado kupoteza.

Kuna siku pia wageni hukataa kuwa wachache. Tarehe 5 Desemba 1976, mashabiki wa Corinthians ya Brazil wanaokadiriwa kufikia 70,000 walisafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka São Paulo kwenda Rio de Janeiro, nusu fainali dhidi ya Fluminense, na uwanja wa Maracanã ukagawanyika katikati. Timu yao ikapita kwa penalti, kisha ikafungwa fainali na Internacional. Na Aprili 2022 Eintracht Frankfurt ya Ujerumani walipewa tiketi 5,000 za Camp Nou, wakaonekana watu wapatao 30,000 waliovaa nyeupe, Barcelona wakafungwa 3-2 ndani ya uwanja wao wakiwa kama wao ndio wamesafiri. Navivulia kofia visa hivyo. Lakini siviiti ugenini. Ukiwa 30,000 umehama na nyumba yako.

Mwamuzi alipopuliza kipyenga cha mwisho, sare ya 1-1, wachezaji walikuja kupiga makofi mbele yetu, kocha akasimama mbali akainua mkono, na kipaza sauti kikatangaza kile tunachokijua: mashabiki wa timu mgeni wanaombwa kubaki kwenye nafasi zao. Tukabaki.

Vijana wanaosafiri mara ya kwanza huchukia sana kuzuiliwa huku. Wanaona ni dharau. Babu huwajibu kwa neno moja tu, Port Said, na kama hawajui, anawasimulia. Tarehe 1 Februari 2012, katika mji huo wa Misri, wenyeji Al Masry waliwafunga Al Ahly 3-1. Wenyeji waliokuwa wameshinda ndio waliovamia uwanja. Wageni wakakimbilia njia ya kutokea, wakalikuta lango limefungwa. Watu 74 walikufa, wengi wao mashabiki wa Al Ahly waliofunga safari kuifuata timu. Babu akimaliza, hakuna anayeuliza tena kwa nini tunasubiri, ingawa wapo wanaogeuka kulitazama lango letu kama liko wazi.

Nchi nyingine zimechoka na hesabu hizo na kuchagua njia ya mkato. Argentina, mwaka 2013, baada ya shabiki wa klabu ya Lanús kuuawa katika vurugu na polisi kwenye mechi ya ugenini huko La Plata, mashabiki wageni walipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikadumu miaka. Jimbo la São Paulo tangu 2016 mechi za watani huchezwa na mashabiki wa upande mmoja. Sitawalaumu wanaozika watu. Ila uwanja wa rangi moja ni harusi ambayo ndugu wa bwana harusi hawakualikwa: chakula kipo, muziki upo, na hakuna wa kumshinda kwa vigelegele. Wenyeji wenyewe huishia kuzomea timu yao.

Mimi ile saa ya kuzuiliwa naipenda, na najua nitapingwa. Uwanja unamwagika watu mpaka unabaki na mifuko na makaratasi. Wafanyakazi wanaanza kurekebisha nyasi kwa uma. Na kwa mara ya kwanza siku nzima, watu wa pande mbili wanaongea. Yule kijana wa ulinzi aliyeipima ngoma kwa kidole alikuwa amesimama mwisho wa safu yetu.

"Mmekuja wangapi leo?" akauliza.

"Unaowaona," Shangazi akamjibu.

"Kule upande wa pili nilipokuwa kipindi cha kwanza, nilidhani mko kama elfu."

Shangazi hakujibu, lakini nilimwona akiikunja bendera taratibu kuliko kawaida yake, mraba kwa mraba, akiwa amesimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Basi likawashwa usiku mkubwa. Vichwa vikahesabiwa, vikahesabiwa tena. Kwa kawaida sare ya ugenini hulaza watu usingizi mzuri, kwa sababu hakuna wa kumlaumu, lakini safari hii hatukulala. Ubishi ulikuwa nani amefunga. Nusu ya basi ilikuwa na winga, kwani tulimwona akikimbia na namba yake mgongoni. Babu alikuwa na beki wa kati, kwa kuwa mtangazaji ndivyo alivyosema, na redio haina sababu ya kudanganya. Kijana wa ngoma aliapa kwamba ni straika, kwa kisogo.

Mtandao ulipopatikana njiani, mtu akafungua video. Simu ikapita mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, kila mmoja akiirudisha nyuma mara mbili tatu. Kona imepigwa, winga ameruka na hakuugusa, beki wetu yuko nyuma kabisa akivutwa jezi, straika yuko chini. Mpira umempiga mgongoni beki wa wenyeji, ukabadili njia, ukaingia. Wamejifunga wenyewe. Winga wetu alikimbia mita mia kushangilia bao la mtu mwingine.

Kimya kikapita. Babu akachomoa vifaa vya masikioni kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Sasa," Shangazi akasema kutoka mbele, bila kugeuka, "huyo beki wao, kilichomchanganya ni nini?"

Kijana wa ngoma akanyoosha mkono akaipiga mara moja, paa, pale kwenye kiti chake cha dirishani. Dereva akashtuka, akatutukana, na basi zima likaanza kuimba.